Upande wa Pili wa Kiwambo

Ufukoni, Mtwara
Jumatano, baada ya magharibi

Mwanangu Sauda,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini mimi nikuulize nini na hali yako naisikia hapa ukutani? Unalifunga begi, unalifungua, unalifunga tena. Sasa hivi umesema peke yako, "Na hili nalo linaenda wapi?" Nadhani ni lile koti alilokununulia baba yako mnadani, la kumtosha mtu na mdogo wake. Lichukue tu. Njombe mimi siijui, ila kila aliyefika huko akianza kuieleza hujikunyata kwanza.

Ningeweza kuinuka nikaja hapo mlangoni tukazungumza. Nimejaribu jana na juzi, na unajua tulipoishia. Nikisema "kiwambo", wewe unasema "Mama, chumba chenyewe kidogo." Kisha mimi nanyamaza kwa hasira na wewe unanyamaza kwa adabu, na adabu yako ndiyo inayoniuma zaidi. Kwa hiyo nimeona niandike. Nitaipitisha chini ya mlango wako, uisome usiku huu ukiwa huna pa kukimbilia.

Sitakuandikia habari za ming'oko, mizizi ya kutafuna njiani niliyokuwekea kapuni, wala za kuamka mapema, wala za kufunga mlango kwa kitasa. Mtu aliyeajiriwa kwenda kufundisha watoto wa wenzake kushona si wa kuambiwa afunge mlango. Nataka kukueleza habari ya kiwambo na cherehani, maana ndivyo tulivyogombania wiki nzima, na leo mchana nimegundua kwamba sikuwahi kukwambia kwa nini nakishikilia kiwambo kile namna ile. Wewe umekiona tangu unazaliwa, kwako ni mbao nne za kushikia mfarishi wa kitandani usicheze wakati wa kushona. Kwangu kimeanza mbali.

Baba yako alinitoa Kilambo tukiwa tumeoana karibuni, akanileta hapa mjini kwa sababu alipata kibarua bandarini cha kupakia korosho. Nilikuwa msichana niliyezoea nyumba ya watu wengi, mto karibu, na Kimakonde asubuhi mpaka jioni. Kiswahili changu kilikuwa cha kuombea maji. Nikisema neno kisimani, wanawake wa hapa walitazamana, na hata kama hawakucheka mimi nilisikia kicheko. Basi nikaacha kusema. Baba yako akienda kazini nilirudishia mlango nikakaa ndani. Ninavyokumbuka, nilijua majina ya meli zilizotia nanga kabla sijajua majina ya majirani zangu, maana ya meli alikuja nayo baba yako jioni, ya majirani hakuna aliyeniletea.

Bi Shirini ulimkuta mzee, hukumjua alipokuwa na nguvu. Mumewe alikuwa na duka la nguo Mikindani, na yeye alikaa nyuma ya meza ya duka anashona mifarishi kwa vipande vilivyobaki kwenye majora. Nilikwenda kununua kanga, nikasimama kumtazama mpaka akachoka kutazamwa. Akaniambia, "Kaa, binti. Ukisimama unanizibia mwanga." Ndiyo ilikuwa shule yangu. Alinionyesha tabaka tatu: vipande vilivyoungwa kwa juu, blanketi kuukuu katikati, shuka chini. Vipande viungwe kwa cherehani, lakini tabaka zishikanishwe kwa mkono, mshono wa kwenda mbele, mdogo mdogo. Na kabla ya kuzishikanisha, zivutwe kwenye kiwambo zisije zikahama.

Nikarudi nyumbani nikamwambia baba yako nataka kiwambo. Hapo ndipo matatizo yalipoanza, maana unamjua baba yako, ukimwomba kijiko anakuletea sepetu. Alipata mbao zilizotupwa bandarini, za kupangia mizigo, akatengeneza kiwambo kirefu kuliko chumba. Hakupima. Alisema macho yake yanapima. Tulipokiingiza ndani, ncha moja iligota ukuta wa nyuma na ncha nyingine ikatokeza mlangoni, na mlango ukawa haufungiki.

Halafu akawamba. Unajua ujana wake ulikuwa wa ngoma. Kule Kilambo hakuna jando lililochezwa bila ngoma iliyopita mikononi mwake. Basi akauwamba mfarishi wangu kama anavyowamba ngozi. Akavuta kamba, akapigilia vigingi, akavuta tena mpaka mbao zikalia. Kisha akapiga katikati kwa vidole, akasikiliza, akaniambia, "Sikia mwenyewe hiyo sauti." Kweli ulikuwa unalia. Nami mjinga nikaona fahari.

Niliushona mfarishi ule kwa taabu. Sindano zilivunjika, vidole vikatoka damu, nikadhani ndivyo kazi ilivyo. Siku niliyolegeza kamba ukajikunja wote mbele ya macho yangu, kama dagaa anapoguswa na mafuta ya moto. Nikaubeba hivyo hivyo mpaka Mikindani. Bi Shirini aliutandika juu ya meza, akavua miwani, akacheka mpaka mumewe akaja kutoka stoo.

"Somoe," akaniambia, "mumeo amewamba ngoma. Sasa nani atalala juu ya ngoma?"

Nikamwambia nilidhani ukikazwa sana ndiyo unanyooka.

"Unanyooka ukiwa umefungwa. Ukifunguliwa je?" Akanishika mkono, akauweka juu ya nguo aliyokuwa anashona yeye, na mkono wake akaupitisha kwa chini. "Unanisikia?" Nilimsikia, vidole vyake vyote. "Basi hapo ndipo pake. Mkono wa juu na wa chini isikiane. Usipoisikia, legeza."

Nililegeza. Lakini urefu wa kiwambo haukuwa na dawa, na mlango ukabaki wazi. Ndipo siku moja Mama Hamisi wa nyumba ya pili alipita na ndoo yake, akasimama nje akiitazama ile ncha iliyomtokea njiani. Akachungulia. Akaniuliza, "Kitu chote hicho unashona peke yako?"

Nikaitikia kwa kichwa. Sikuamini Kiswahili changu.

"Utamaliza lini? Mpaka wanao waolewe?" Akatua ndoo, akapita chini ya mbao, akakaa upande wa pili, akanyoosha mkono nimpe sindano. Hakujua kushona mifarishi na hakuuliza. Alitazama mkono wangu naye akafanya vivyo hivyo, mishono yake mikubwa kama hatua za askari. Kesho yake alikuja na mdogo wake. Wiki ile ile akaja Bi Fatu, ambaye Kimakua chake kilikuwa kimembana kama Kimakonde changu kilivyonibana mimi, tukawa wawili wa kusahihishwa. Kiswahili ninachokuandikia hapa nilifundishwa kwenye mbao zile. Hata matusi machache niliyonayo nilifundishwa hapo.

Mwisho tulikuwa sita, watatu huku na watatu kule. Baba yako akitoka kazini alilazimika kutambaa chini ya kiwambo na sahani yake ya ugali, mpaka siku alipochoka akafunga kamba za bandarini kwenye boriti ili kipandishwe darini usiku, ncha ikipita juu ya ukuta. Wewe ulizaliwa mwaka ule. Wanawake wale walikushonea mfarishi wako, na baadaye ulikuwa unalala chini yetu tukishona. Ndiyo maana majirani zetu uliwajua kwa magoti kabla hujawajua kwa sura.

Sasa nije kwenye cherehani, maana najua unasema moyoni, "Anaanza." Hapana. Sitakukataza cherehani ya umeme. Nataka ujue jinsi mimi nilivyoinunua yangu, ili ukikosea ukosee kwa namna nyingine.

Ilikuwa miaka ile gesi ilipowaleta wageni mjini, nyumba za wageni zikaota kila mtaa, na zote zilitaka mifarishi vitandani, wengine eti kwa ajili ya kupendeza tu, katika joto hili. Nikaona cherehani yangu ya mguu inanichelewesha. Nikaenda sokoni na pesa tu, bila mfarishi wa kujaribia. Muuzaji aliwasha moja, ikashona maua, ikashona nyota, ikaandika jina langu kwenye kitambaa. Nani angekataa? Nilipofika nyumbani na kukunja mfarishi ili niupitishe, nikaona pale kati ya sindano na shingo ya cherehani hapapiti hata mkono ulionona. Kuupitisha mfarishi wa kitanda pale ilikuwa kama kumvisha mbuzi gauni. Nilisukuma, nikavuta, mishono ikaenda upande. Maua na nyota sijayashona mpaka leo. Kumbe nilichohitaji ni nafasi, nami nilinunua mapambo.

Kwa hiyo mwanangu, ukienda dukani nenda na mfarishi kwapani. Wakikucheka, wacheke. Ukunje, uupitishe pale shingoni mwenyewe, usiamini maneno. Uliza nani huko anaitengeneza ikiharibika na anakaa wapi, na umtafute kabla hujalipa. Wanasema mchagua jembe si mkulima; nami nakubali, lakini waliosema hivyo walikuwa na majembe yote yanayofanana.

Mwishowe niliizoea. Nilishona midogo, ya vitanda vya mtu mmoja, yote kwa mashine, juu mpaka chini. Kiwambo kikapanda darini na hakikushuka. Wenzangu walikuja kama kawaida yao, wakanikuta nimeinama, mashine inanguruma, hakuna pa kukaa na hakuna sindano ya kuomba. Walisimama kidogo mlangoni, tukasalimiana, wakaenda. Hakuna aliyenikasirikia. Kama wangekasirika ningeshtuka mapema.

Siku moja nilikuwa nanunua samaki, muuzaji akaniambia, "Mjukuu wa Mama Hamisi ameanza kukaa, mashallah." Nikauliza mjukuu gani. Nyumba ya pili, Sauda. Mtoto alizaliwa, akatolewa nje, amefika mpaka wa kukaa, mimi nasikia kwa muuza samaki. Na hakuna mtoto wa kiwambo chetu aliyewahi kulala bila mfarishi wetu. Yule alikuwa wa kwanza.

Nilirudi nikakishusha kiwambo peke yangu, kidogo kiniangukie. Wewe ulikuwa shule ya msingi. Nilikutuma nyumba kwa nyumba uwaite. Unakumbuka ulivyorudi? Ulisema, "Mama, wanauliza mashine imeharibika?" Nikakwambia uwaambie ndiyo. Haikuwa imeharibika. Walikuja wote, Mama Hamisi akakaa pale pale pake, na mpaka leo hajanitajia jambo lile. Nilimpenda zaidi kwa hilo.

Sasa unajua nilichokuwa nakifanya wiki hii nilipokwambia, "Chukua kiwambo changu, acha hivyo vidude vya plastiki vya kuwambia nguo mapajani." Nilikuwa nakupa wanawake sita waende nawe Njombe. Nilikuwa nasema mbao, lakini moyoni ni wao. Naogopa, mama. Hapa milango yetu iko wazi kwa sababu ya joto, na wangu ulianza kuwa wazi kwa sababu baba yako hajui kupima. Huko ni baridi. Utatoka kufundisha jioni, utafunga mlango kwa sababu ni lazima, utawasha taa na mashine yako nzuri, nawe ni mkimya kama nilivyokuwa mimi. Kazi yako itakwenda haraka sana, na hakuna atakayegonga, maana atagonga kwa lipi? Wewe unaogopa umeme kukatika. Mimi naogopa usipokatika.

Lakini ulisema kweli kuhusu chumba. Ulinionyesha picha kwenye simu, nami kwa ubishi nikakataa kuitazama. Leo ulipokwenda kuchukua tiketi nilikishusha kiwambo na mfarishi ule wa njano uliopo juu yake. Nikapitisha mkono chini kama ninavyofanya kila siku, na mwingine juu. Hapakuwa na mtu upande wa pili wa kunicheka, nikajicheka mwenyewe. Nimekaa na somo lile miaka yote hii kuhusu nguo, na bado kwako wewe nimekuwa nikivuta kamba mpaka mbao zinalia, ili nisikie sauti.

Nikamwita baba yako nikamwambia alete msumeno.

"Wa nini?"

"Wa kukata kiwambo."

"Mama Sauda, umeamka salama?" Akatoka. Nikamsikia anazunguka uani, anahamisha vitu ambavyo havikuhitaji kuhamishwa. Alichelewa, lakini aliporudi alikuwa nao mkononi, na macho yake sikuyatazama.

Safari hii tulipima. Nilimwomba Mama Hamisi aitazame ile picha yako, yeye macho yake bado yanaona, akaniambia kati ya kitanda na dirisha panaenea mkeka mmoja. Tukatandika mkeka, tukaweka alama. Baba yako akataka kukifupisha zaidi, eti kiwe chepesi, ukipakate mwenyewe kitandani. Nikamkatalia. Nimemwambia kikatwe kiingie chumbani, lakini kisiwe cha mtu mmoja. Kwa hiyo kimekatwa huku na huku, kikabaki kipande cha kati. Tazama utakapokifungua: mbao mbili ndefu zimelainika sehemu moja kila moja. Upande huu ni viwiko vyangu, upande ule ni vya Mama Hamisi. Vipande vilivyobaki ninavyo, na baba yako ameshaanza kunichongea kingine, maana Ijumaa wenzangu watakuja na lazima wakae mahali. Wamempa sharti moja tu, asiguse kamba.

Kimefungwa kwa kanga yangu, kiko nyuma ya mlango wa jikoni. Kondakta ameahidi kitalala chini pamoja na mizigo. Kama hukitaki, hata kesho alfajiri tukiwa tunatoka, kiache pale pale. Sitauliza, na sitanyamaza kwa hasira. Umefungasha vya kutosha, na mimi nitakuwa nimekwambia nililotaka kusema.

Naona umelifunga begi kwa mara ya mwisho, sikusikii tena. Au unasikiliza kalamu yangu kama nilivyokuwa nasikiliza zipu yako.

Ukikichukua, nina ombi moja. Kiweke palipo kati ya kitanda na dirisha. Wewe kaa kitandani, na kiti ukiweke ng'ambo, kitazame mlango. Nguo zako zitundike, vitabu vyako viweke chini, hata hivyo ni chumba chako. Ila kile kiti usikiwekee kitu.

Mama yako,
Somoe